Juu ya Kusoma Mashairi ya Wenzetu

Wanafunzi wengi hudhani ya kuwa shairi likisha kupigwa chapa huwa mali ya kila mtu, kama maji ya mvua yapitayo barabarani. Mwenye ndoo na achote. Mimi nadhani sivyo. Shairi lina mwenyewe, na mwenyewe huyo ana kwao. Sisi tunaolisoma ni wageni tuliobisha hodi. Mgeni hafukuzwi, hukaribishwa, hupewa kigoda na maji ya kunywa. Lakini mgeni mwema hafunui vyungu, wala hafungui sanduku asilofunguliwa. Jambo hili limetushughulisha sana muhula huu katika kamati ya gazeti letu, hata baadhi yetu tulikaa siku tatu hatusemezani. Kwa hiyo nimeona yafaa nilieleze kwa utaratibu, ili wasomaji wajue kwa nini toleo hili limetoka lilivyo.

Kwanza napenda kumtaja mtu wa kwetu. Marehemu Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 huku Ugogo, akafariki mwaka 1969. Lugha aliyonyonya kwa mama yake ni Kigogo. Ushairi wa Kiswahili, siku za utoto wake, ulihesabiwa kuwa ni kazi ya watu wa pwani na visiwani: watu wa Lamu na Pate, wa Mombasa, Tanga, Pemba na Unguja. Ulilelewa katika miji ya Waislamu, na kwa muda mrefu sana uliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Yeye alikuwa mtu wa bara, tena Mkristo wa Kanisa Katoliki, na kutoka hapa mpaka baharini kwa barabara ni zaidi ya kilomita 400.

Mtu wa namna hiyo angaliweza kusema, "Mashairi ni ya watu wa pwani, mimi hayanihusu." Tena angaliweza kuokota vina viwili vitatu, akavipanga ovyo na kujiita malenga. Hakufanya hili wala lile. Alijifunza. Alijifunza vina na mizani, nane kwa nane katika kila mshororo, na maneno ya kale ambayo mtu wa bara hakuzaliwa nayo. Aliingia katika malumbano na washairi wengine, na katika malumbano huwezi kujificha. Ukikosea mizani wenzako watakuambia mbele ya watu. Mwaka 1963 ikatoka Diwani ya Mnyampala. Akaandika pia Utenzi wa Enjili Takatifu, na humo akautumia mtindo ambao watu wa pwani waliutumia tangu zamani kueleza habari za mitume na za vita. Lakini alifanya hivyo waziwazi, kwa jina lake mwenyewe, akizifuata sheria za wenye sanaa.

Tena hakutoka mikono mitupu. Mnyampala ndiye aliyezikuza ngonjera, yaani mashairi ya majibizano yanayosemwa na watu wawili au zaidi mbele ya hadhara. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ngonjera zilienea katika shule za nchi nzima, na hata leo hapana sikukuu ya shule inayopita pasipo watoto kusimama na kujibizana. Wala hakukisahau kwao. Mwaka 1954 ilikuwa imekwisha kutoka historia yake ya Wagogo na mila na desturi zao. Wahenga walisema, atakaye cha mvunguni sharti ainame. Mnyampala aliinama akapata, na alipoinuka aliacha kitu mahali pale alipotwaa.

Namtaja huyu kwanza kwa sababu wako wasemao ya kuwa heshima ni kukaa mbali, kila mtu asome mashairi ya kabila lake na dini yake, basi. Kama ingekuwa hivyo, Ugogo usingempata Mnyampala, na Kiswahili kisingepata ngonjera. Kukaa mbali si heshima. Ni uvivu uliovaa kanzu. Lililo gumu ni kukaribia kwa adabu, na kwa maoni yangu adabu hiyo ina mambo manne.

La kwanza ni kulijua jina la mwenyewe, na majina ya wale waliolifikisha shairi mikononi mwetu. Chukua mfano wa Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840. Mashairi yake mengi hayakuwa kitabuni. Yalikaa vichwani mwa watu. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyakusanya akishirikiana na mmisionari Mwingereza, William Taylor, na mwaka 1940 William Hichens akayachapisha huko Johannesburg. Ukiyasoma leo umepokea kitu kilichopita katika mikono mingi. Wengi wamelisikia jina la Muyaka, wachache wamelisikia la Taylor, na wachache zaidi la Mwalimu Sikujua. Lakini bila ya mwalimu huyo, aliyeyajua maneno na visa vyake, hao wengine wangeshika nini? Mwanafunzi anayesimama kwenye gwaride na kusoma shairi bila ya kumtaja mtunzi amemla mwenziwe. Na wahenga walisema, mla cha mwenziwe na chake huliwa.

La pili ni kujua nani alimwambia nani, na wakati gani. Darasani kwetu ulitokea ubishi juu ya utenzi wa Mwana Kupona, mwanamke wa Pate, alioutunga mwaka 1858. Wasichana kadhaa walisema ya kuwa utenzi ule unamfundisha mwanamke kuwa mtumwa wa mumewe, na ya kuwa haufai kusomwa na msichana wa siku hizi. Sikuwalaumu, kwa maana hata mimi yako mambo mle ambayo sitayafuata. Lakini mwalimu wetu alituuliza swali moja: "Je, mmekwisha kujua alikuwa anazungumza na nani?" Tukatazamana. Mwana Kupona alikuwa mjane, tena mgonjwa, naye alimwandikia binti yake. Hakuandika sheria ya wanawake wote wa dunia. Ni mama anayeona ya kuwa siku zake zimekaribia, anamwita mtoto wake na kumpa alicho nacho katika dunia aliyoijua.

Ubishi haukuisha siku ile, lakini ulibadilika. Wasichana wale wale walianza kusema, "Mama huyu nampenda, ila hapa sikubaliani naye." Nadhani hayo ndiyo maneno ya msomaji mwenye adabu. Kuheshimu si kukubali kila kitu. Mtoto mwenye adabu huweza kutofautiana na mama yake, lakini kwanza husikiliza mpaka mwisho, na hamjibu mtu ambaye hakumwona.

La tatu ni kujua wewe mwenyewe umesimama wapi. Katika masomo ya Kiingereza shule nyingi za Tanzania zimetumia kwa miaka mingi kitabu cha Summons, mashairi ya Watanzania yaliyokusanywa na Richard Mabala mwaka 1980, na kile cha Growing Up with Poetry, kilichohaririwa na David Rubadiri wa Malawi na kutolewa mwaka 1989. Katika maktaba yetu yako pia mashairi ya Wamarekani weusi. Mmoja wao ni Langston Hughes. Mwaka 1962 alifika Kampala katika mkutano wa waandishi wa Afrika uliofanyika Makerere, na mwaka 1963 akatoa kitabu cha mashairi ya Waafrika ili watu wa kwao wawasikie. Yeye alivuka bahari kuja kutusikiliza. Basi sisi nasi yatupasa tujue namna ya kumsikiliza yeye na wenziwe.

Muhula uliopita tulitaka kusoma shairi la Mmarekani mweusi mmoja, lihusulo utumwa, katika Siku ya Wazazi. Wavulana wawili walipendekeza kwamba waliigize wamevaa magunia, na minyororo ya baiskeli shingoni, ili wazazi wapate kucheka kidogo kabla ya kulia. Msichana mmoja akawaunga mkono kwa sababu nyingine. Alisema, "Sisi ni weusi na wao ni weusi. Uchungu wao ni wetu, kwa hiyo twaweza kuutumia tupendavyo."

Maneno yake yalitoka katika upendo, walakini nadhani yalikwenda mbio mno. Wazee wa Wamarekani weusi walio wengi walitolewa katika Afrika ya magharibi na ya kati, si hapa. Tena sisi wa nchi hii ya Dodoma tunayo historia yetu katika jambo hili. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza Ugogo, ikipitia karibu na Mpwapwa. Misafara ilipandisha nguo, shanga na bunduki, ikateremsha pembe za ndovu na watumwa. Katika nchi hii kavu maji ni mali, na watemi wa Ugogo waliitoza hongo misafara iliyotaka kupita na kunywa katika visima vyao. Basi tukisoma shairi la mtu ambaye babu yake alifungwa minyororo, hatuwezi kusema kwa wepesi kwamba sisi sote ni wajukuu wa waliofungwa. Yumkini baadhi yetu ni wajukuu wa waliofungwa. Na yumkini baadhi ni wajukuu wa waliosimama kando ya kisima, wakaitazama minyororo inapita, wakapokea nguo.

Sisemi hayo ili tuone aibu. Nasema kwa sababu mtu akijua aliposimama husoma kwa sauti nyingine. Shairi lile lilisomwa na msichana yule yule aliyekuwa amesema uchungu wao ni wetu. Alisimama wima, amevaa sare yake ya shule, bila ya gunia wala mnyororo. Alitaja jina la mtunzi na nchi yake, akaeleza kwa maneno machache njia ya misafara iliyopita huku kwetu, kisha akasoma. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja aliyetoka upande wa Mpwapwa alimwendea baadaye, wakazungumza chini ya mti mpaka chakula kikapoa.

Sasa naja kwenye jambo la nne, lile lililotugombanisha. Nalo ni kukubali ya kuwa yako maneno ambayo hukupewa.

Kamati ya gazeti iliamua kwamba toleo hili liwe na kurasa nne za nyimbo za Ugogo, kwa maana shule yetu ina wanafunzi kutoka mikoa mingi, na wengine hukaa hapa miaka minne wasijue lolote la wenyeji ila salamu ya "mbukwenyi" na mlenda wa sokoni. Kazi ya kuzikusanya nilipewa mimi, kwa sababu mama yangu ni Mgogo na bibi yangu mzaa mama anakaa kijijini, upande wa Mvumi. Mimi mwenyewe nilizaliwa mjini Dodoma. Kigogo changu ni cha kuamkia watu na kununulia nyanya. Kwa hiyo nilikwenda na daftari langu kama mgeni mwingine yeyote, ijapokuwa nilikuwa nakwenda kwetu.

Nilikaa kwa bibi majuma mawili ya likizo. Ulikuwa wakati wa kiangazi, uwele umekwisha vunwa, na jioni kina mama walikuwa na nafasi. Walikuja kumi na wawili. Waliimba nyimbo za kutwanga, za kubembeleza mtoto, za kupalilia, na nyimbo za muheme, ile ngoma ambayo wanawake huipiga wameibana kati ya mapaja. Nilijaza daftari nyimbo kumi na moja. Kila wimbo bibi alinieleza maneno yake, maana wimbo huweza kutaja mvua kumbe unamsema mume, au kutaja ng'ombe kumbe unaililia mahari. Maneno hayo hayamo katika kamusi. Yamo kwa yule ajuaye wimbo ulitungwa msimu gani na kwa ajili ya nani.

Siku ya mwisho nilimwambia bibi ya kuwa nyimbo hizi zitapigwa chapa katika gazeti la shule. Aliniomba daftari. Yeye hajui kusoma, kwa hiyo aliniamuru nimsomee mianzo ya nyimbo mmoja mmoja. Kwa saba alisema, "Hizo peleka, mjukuu wangu." Kwa nne alinyamaza, kisha akasema, "Hizo nilikuimbia wewe. Sikuliimbia gazeti." Zile nne ni nyimbo wanazofundishwa wasichana wakati wa kuwekwa ndani. Mwanamume hazisikii, na msichana ambaye hajafika wakati wake hazisikii. Nilimwuliza, "Bibi, je, nikiziandika bila ya kueleza maana?" Akacheka. "Mtu akikuibia kuku akakuachia manyoya, amekuachia nini?"

Niliporudi shuleni nikatoa taarifa hiyo kwa kamati. Hapo ndipo yalipoanza mabishano. Mhariri wetu, ambaye ni mwanafunzi hodari na rafiki yangu, alisema kurasa nne zimekwisha pangwa na nyimbo saba hazitazijaza. Mwingine alisema wimbo wa kabila hauna mtunzi, na kisicho na mtunzi hakiibiwi. Mwingine alisema, na huyu ndiye aliyenitia mawazo, "Bibi yako ni mzee. Wasichana wa mjini hawawekwi ndani tena. Akifa, nyimbo nne zinakwenda naye kaburini. Je, hiyo ndiyo heshima, kuziacha zife?"

Nitawajibu mmoja mmoja, kwa kuwa siku ile sauti zilikuwa nyingi.

Juu ya kurasa, jibu ni rahisi. Gazeti hutumikia maneno. Maneno hayatumikii kurasa.

Juu ya kitu kisicho na mtunzi, nchi yetu imekwisha kusema neno lake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua na kuzilinda hata sanaa za jadi, ambazo hazina mtunzi mmoja ajulikanaye. Sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya gazeti dogo la shule kama letu, lisilouzwa kwa faida. Lakini wazo lake ni lile lile alilokuwa nalo bibi yangu bila ya kusoma sheria: kitu cha watu wengi si kitu kisicho na mwenyewe. Kisima cha kijiji hakina jina la mtu, walakini jaribu kukipeleka ng'ombe mia bila ya kuuliza, utaona kama hakina wenyewe.

Tena wenyewe hawasemi kwamba muziki wao usitoke nje. Marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doduma katika mkoa huu, aliyefariki mwaka 2003, alizichukua zeze na ilimba za Ugogo akazifikisha Ulaya, Marekani na Japani. Alifundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Mwaka 1996 ilitoka sahani yake Chibite huko Uingereza, na mwaka 2002 ikatoka nyingine, Assembly, aliyoitengeneza pamoja na Michael Brook wa Canada, na majina yao wote wawili yamo juu ya jalada. Tazama tofauti. Huo muziki haukuchukuliwa. Ulipelekwa, na aliyeupeleka alikwenda nao, akausimamia, akaamua mwenyewe kipi aimbe mbele ya wageni. Tukiwataka watu wa Ulaya wawe na adabu hiyo kwetu, basi sharti tuwe nayo sisi kwa sisi. Mwanafunzi wa Kiafrika achukuaye wimbo wa bibi yake wa Kiafrika bila ya ruhusa hana udhuru kwa sababu ya rangi yake, wala kwa sababu ya ukoo wake. Mimi ni mjukuu, na bado nilipewa saba tu.

Juu ya kufa kwa nyimbo, hilo ni jambo zito na sitalifanyia mzaha. Ni kweli bibi ni mzee. Ni kweli mambo mengi yamekwisha potea. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi mwenye daftari nalijua hilo. Nilimpigia bibi simu, nikamweleza maneno ya mwenzetu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Sikukataa kufundisha. Nilikataa kupeleka. Anayezitaka na aje akae." Maana yake alieleza hivi: wimbo ule hauko katika maneno peke yake. Uko katika kukaa ndani, katika yule aliye kando yako, katika mambo unayoambiwa baada ya kuimba. Ukiyatoa maneno, ukayaweka karatasini mbele ya wavulana mia nne, umeokoa maganda. Huenda nyimbo zile zitakufa kweli. Nikikumbuka hivyo naumia. Lakini ni haki ya mwenye kitu kuchagua kiishi namna gani, hata kama mimi ningechagua vingine. Likizo ijayo nimekwisha omba ruhusa ya mama niende nikakae. Nitakachofundishwa sitakiandika.

Tulipiga kura. Watano walisema nyimbo saba, watatu wakasema kumi na moja. Wale watatu walikubali kwa moyo mwema, na mmoja wao ndiye aliyetoa shauri lililotuokoa juu ya nafasi iliyobaki. Shauri lenyewe ndilo hili mtakaloliona mbele: baada ya kila wimbo tumeandika huimbwa wakati gani, huimbwa na nani, na maana ya maneno magumu kama kina mama walivyotueleza, na mwishoni yamo majina ya kina mama wote kumi na wawili, kwa ruhusa yao. Mahali pa zile nne tumeandika tu ya kuwa zipo, na ya kuwa zina wenyewe.

Wanafunzi wenzangu, likizo imekaribia, na wengi wenu mtapanda mabasi kwenda Tanga, Kigoma, Songea, Bukoba na kwingineko. Kila mmoja anakwenda mahali penye mashairi. Chukueni madaftari. Ulizeni jina la mtunzi, na jina la aliyemfundisha. Ulizeni aliambiwa nani. Jiulizeni ninyi ni nani mbele ya maneno hayo. Kisha ulizeni swali la mwisho, lile ambalo watu wa daftari husahau: "Hili niende nalo, au niliache hapa?" Jibu lolote mtakalopewa, lipokeeni. Na gazeti likitoka, nakala ya kwanza irudi kule maneno yalikotoka. Yetu itakwenda Mvumi juma lijalo kwa basi la asubuhi, pamoja na mtu wa kuwasomea kina mama wasiojua kusoma, ili wasikie kama tumeyaandika maneno yao sawasawa.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne